Moshi wa Nani? Uhakiki wa Nadharia za Mtaji wa Nje na Hewa ya Ukaa

Katika madarasa yetu ya itikadi swali moja limekuwa likirudi kila muhula: je, mtaji wa kigeni ukiingia katika nchi changa, hewa ya ukaa inayotoka katika nchi hiyo huongezeka au hupungua? Swali hili halihusu wasomi peke yao. Njia ya bomba la mafuta ghafi imepita katika Mkoa wetu wa Singida, upepo wetu umepimwa na makampuni ya nje, dhahabu yetu inachimbwa. Na hapa Mgori tupo kando ya msitu ambao wanavijiji walianza kuulinda kabla neno "kaboni" halijafika masikioni mwa mwenyekiti yeyote wa kijiji. Kada atakayesimama mbele ya mkutano mkuu wa kijiji bila jibu atakuwa amesimama pale kumsindikiza mwekezaji tu.

Vijana wanaotoka vyuo vikuu hutuletea majibu mawili yaliyokwisha kupikwa. La kwanza ni kwamba makampuni hukimbia sheria kali za kwao, yakahamishia viwanda vichafu katika nchi zenye sheria legevu. Hii huitwa nadharia ya kimbilio la uchafuzi. La pili ni kinyume chake: kwamba makampuni hayo huja na mitambo mipya na ujuzi bora, wenyeji wakajifunza, na hewa ikawa safi zaidi. Kila upande una mafungu yake ya takwimu. Utafiti mmoja utasema hewa ya ukaa imepanda, mwingine imeshuka, wa tatu ilipanda kwanza kisha ikashuka. Mwanafunzi huyanakili yote matatu katika daftari, akaandika chini yake kwamba "matokeo yanatofautiana", akafaulu mtihani.

Makala haya yanakusudia kuyahakiki majibu hayo. Tunadai kwamba yote mawili yana kosa moja la msingi, na kwamba kosa hilo lina faida kwa mtu fulani.

CHIMBUKO LA MAJIBU HAYO

Mwaka 1991 wachumi wawili wa Princeton nchini Marekani, Gene Grossman na Alan Krueger, waliandika juu ya biashara huria baina ya Marekani na Mexico. Walisema biashara na mtaji hugusa mazingira kwa njia tatu: uzalishaji unakuwa mkubwa zaidi, aina ya viwanda inabadilika, na mbinu za uzalishaji zinabadilika. Mgawanyo huo ni wa maana na hatuna ugomvi nao. Lakini kutokana na takwimu zao ulizaliwa mchoro mashuhuri wenye umbo la kilima: nchi ikiwa maskini huchafua kidogo, ikianza kutajirika huchafua sana, ikishatajirika husafika. Mchoro huo umegeuzwa kuwa ahadi. Nchi maskini zinaambiwa zikubali moshi leo ili zipate usafi kesho.

Yafaa kada ajue kile walichokipima hasa. Walipima salfa, moshi mweusi na vumbi katika hewa ya miji. Vitu hivyo huonekana, huwasha macho, huua watoto kwa kifua, na kwa hiyo watu wa mjini wakipata sauti hupigana navyo mpaka viondoke. Hewa ya ukaa haina rangi wala harufu. Anayeitoa Ulaya hamkoholeshi jirani yake. Madhara yake humfikia mkulima wa mtama hapa Singida baada ya miaka mingi, kwa mvua iliyokosa mpangilio. Kuichukua kanuni ya moshi wa mjini na kuivisha hewa ya ukaa ni sawa na kupima mafuta kwa rula.

Desemba mwaka huohuo 1991 iliandikwa barua ya ndani ya Benki ya Dunia, iliyovuja baadaye, yenye saini ya Lawrence Summers, aliyekuwa mchumi wake mkuu. Barua hiyo ilijenga hoja kwamba kwa mantiki ya uchumi viwanda vichafu vingefaa kuhamishiwa nchi maskini, kwa kuwa uhai na afya ya watu wa huko, ukipimwa kwa ujira wao, una bei ndogo. Baadaye mwenyewe alisema ilikuwa kejeli. Hatuna haja ya kubishana juu ya nia yake. Barua ile inafaa kusomwa darasani kwa sababu ni mantiki ya soko ikiwa uchi. Wengine huisema hivyohivyo ikiwa imevaa suti.

MTAJI HAUTAFUTI USAFI WALA UCHAFU

Lenin, alipouchambua ubeberu mwaka 1916, alitofautisha kati ya kuuza bidhaa nje na kuuza mtaji nje. Bidhaa huuzwa ikaisha. Mtaji husafirishwa ukakaa, ukaajiri, ukazaa, na mazao yake yakarudi ulikotoka. Unachofuata ni faida. Ukiwa na faida katika makaa ya mawe utachoma makaa. Ukiwa na faida katika jua utatandaza paneli. Anayesema kwa asili yake mtaji ni mchafu na anayesema kwa asili yake ni msafi wote wanaupa tabia ya binadamu usiyokuwa nayo.

Tutazame mifano ya nyumbani. Mwaka 1995, baada ya miaka ya ukame na mgao wa umeme, nchi ilifunga mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL, iliyokuwa ubia wa Mechmar ya Malaysia na VIP ya hapahapa nchini. Mtambo wa megawati 100 ulijengwa Tegeta, ukaanza kuzalisha kibiashara mwaka 2002, ukichoma mafuta mazito yaliyoagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni. Wakati mkataba unatiwa saini, gesi ya Songo Songo ilikuwa imekwisha gunduliwa tangu mwaka 1974. Ilifika Ubungo mwaka 2004. TANESCO ilitakiwa kulipia uwezo wa mtambo hata siku ambazo mtambo umelala. Mgogoro ukafika katika usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2014 jina la Tegeta likatikisa Bunge.

Mtafiti wa takwimu akiuchukua mwaka 2002 ataandika: mtaji wa nje umeingia, hewa ya ukaa imepanda, basi nadharia ya kimbilio imethibitika. Lakini sheria zetu za mazingira hazikuwa na kazi yoyote katika uamuzi ule. Kilichoamua mafuta yatakayochomwa kwa miongo miwili ni vifungu vya mkataba, pamoja na wenyeji waliokaa upande wa pili wa meza. Mtaji wa nje hauji peke yake. Daima humkuta mwenyeji wa kuushika mkono, na darasa la itikadi lisilomtaja mtu huyo limefundisha nusu ya somo.

Kiwanda cha saruji cha Dangote kilichofunguliwa Mtwara mwaka 2015 kinatupa funzo la pili. Huo ni mtaji wa Nigeria, mtaji wa Kiafrika. Kiwanda kilisimama karibu na gesi asilia, lakini kwa muda kiliendeshwa kwa jenereta za dizeli huku bei ya gesi ikibishaniwa. Mwaka 2016 kukaja zuio la makaa kutoka nje. Kiwanda kilekile, mwenye mali yuleyule, moshi tofauti kulingana na makubaliano ya mwaka husika. Na hata nishati ikisafishwa, sehemu kubwa ya hewa ya ukaa ya saruji hutoka katika jiwe lenyewe la chokaa linapochomwa. Hakuna mwekezaji mwenye nia njema ya kutosha kulibadili jiwe.

Funzo la tatu ni fupi. Mwaka 2000 asilimia 55 ya Benki ya NBC iliuzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini, na mwaka 2005 asilimia 49 ya NMB ikaenda kwa kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi. Huo nao ni uwekezaji wa moja kwa moja kutoka nje, unaandikwa katika safu moja na mgodi na kiwanda cha saruji. Haukuwasha tanuri hata moja. Utafiti unaojumlisha dola za benki, dola za bia na dola za mgodi, kisha ukauliza "je, dola hizi zinachafua?", hauwezi kupata jibu moja, kwa sababu umeuliza maswali kumi kwa sauti moja.

Na tuseme jambo ambalo baadhi ya ndugu zetu hawapendi kulisikia. Kumiliki kwa umma peke yake hakusafishi hewa. Mgodi wa makaa wa Kiwira ulikuwa wa umma ulipoanza mwishoni mwa miaka ya 1980, na makaa ni makaa. Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, ambalo mitambo yake tisa ilikamilika mwaka 2025, lilijengwa kwa fedha za Hazina; Wamisri waliajiriwa kama makandarasi, wakalipwa, wakaondoka bila kubaki na hisa. Hilo ni jambo kubwa la kujitegemea na Chama kina haki ya kulisemea. Lakini mwaka 2018 ilitangazwa pia zabuni ya kukata miti zaidi ya milioni 2 katika eneo la bwawa. Umiliki wa umma unatupa mamlaka ya kuchagua na wajibu wa kueleza tulichokichagua. Hautupi msamaha.

Sasa turudi Singida. Makampuni yameupima upepo wa mkoa huu kwa miaka mingi, na kila kiongozi aliyepita katika nyanda hizi amesikia habari za mradi wa umeme wa upepo. Mitambo mitatu ya kwanza ya upepo nchini, ya megawati 2.4 kwa jumla, ilianza kazi Mwenga, Mufindi, mwaka 2020. Sisi tulibaki na milingoti ya kupimia. Februari 2022 wenye hisa wa bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga walitoa uamuzi wa mwisho wa kuwekeza, kwa mradi uliokuja kukadiriwa kugharimu dola bilioni 5. Upepo ni uleule, mkoa ni uleule, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 ni ileile. Hapo ndipo nadharia zote mbili zinapokosa la kusema. Faida ilikuwa imekaa upande wa bomba.

HESABU YA MPAKA

Tumefika kwenye kosa la msingi. Majibu yote mawili yanahesabu hewa ya ukaa kwa mipaka ya nchi. Ndivyo kanuni za kimataifa zilizojengwa juu ya Mkataba wa Tabianchi wa mwaka 1992 zinavyotaka: kila nchi inaripoti kinachotoka ndani ya ardhi yake. Lakini mtaji hauishii mpakani. Ukihesabu kwa mpaka kitu kinachovuka mpaka, lazima upate jibu la uongo hata kama kila tarakimu ni ya kweli.

Chukueni kalamu. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda, kwa hiyo bomba linapaswa kupashwa joto njia nzima, karibu nyuzi 50. Limekusudiwa kusafirisha mapipa 216,000 kwa siku. Pipa moja la mafuta likichomwa hutoa hewa ya ukaa kilo 430 hivi. Mapipa ya siku moja ni tani 92,880. Ya mwaka mzima ni karibu tani milioni 34. Sensa ya mwaka 2022 ilitukuta watu milioni 61.7. Hewa ya ukaa itokanayo na mafuta, gesi na makaa tunayochoma sisi wenyewe haifiki nusu tani kwa kila Mtanzania, yaani haifiki tani milioni 31 kwa taifa zima. Bomba moja linabeba zaidi ya hapo.

Je, tani hizo milioni 34 zitaandikwa katika hesabu ya nani? Si ya Tanzania, wala ya Uganda. Si ya Ufaransa, nyumbani kwa TotalEnergies yenye asilimia 62 ya hisa, wala ya China kwa asilimia 8 za CNOOC. Zitaandikwa katika nchi yatakakochomwa mafuta, popote pale. Kwetu itabaki nishati ya kupasha bomba. Ikitoka katika dizeli, mtafiti ataandika kwamba mtaji wa nje umeongeza hewa ya ukaa kidogo. Ikitoka katika gridi yenye umeme wa maji tulioulipia sisi, ataandika kwamba mtaji wa nje umekuja na teknolojia safi. Katika hali zote mbili ile milioni 34 imetoka mlangoni bila kusalimia.

Hatusemi haya kuipinga Serikali. TPDC ina asilimia 15 na kampuni ya mafuta ya Uganda ina asilimia 15. Kuna ada ya kupitisha mafuta, kuna ajira, kuna bandari ya Chongoleani. Nchi zilizochoma makaa kwa miaka mia mbili hazina haki ya kutuhubiria kwa sababu ya bomba moja, na mabenki yao mengi yaliyojitoa katika mradi huu hayakuwahi kujitoa katika mafuta ya kwao. Machi 2025 fungu la kwanza la mikopo lilitoka katika mabenki yakiwamo Afreximbank na Standard Bank ya Afrika Kusini. Tunachosema ni kwamba kada asikubali kuambiwa kwamba suala la moshi limekwisha kwa sababu mpaka wetu ni safi. Mwenye asilimia 62 za faida aandikiwe asilimia 62 za moshi. Hiyo tunaiita hesabu ya mwenye mali, na haimo katika vitabu wanavyokuja navyo vijana wetu.

MSITU NAO NI HESABU

Kuna upungufu mwingine. Tafiti nyingi za mtaji wa nje huhesabu hewa ya ukaa ya mafuta, gesi na makaa tu. Kwa nchi kama yetu sehemu kubwa hutoka kwenye ardhi: misitu inayofyekwa, mashamba yanayochomwa, mkaa. Takwimu za Serikali za miaka ya 2002 hadi 2013 zilionyesha tunapoteza karibu hekta 469,000 za misitu kila mwaka. Waingereza walipoleta Mradi wa Karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea mwaka 1947, waling'oa pori kwa matrekta, wakashindwa, na mwaka 1951 wakafuta takriban pauni milioni 36 katika vitabu vyao. Pori lililong'olewa halikuwa na kitabu cha kufutiwa.

Mgori ilikwenda njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 msitu huu wa hekta zipatazo 40,000 ulikuwa katika mipango ya kufanywa hifadhi ya Serikali. Duru-Haitemba ya Babati ilikuwa imetangulia kuonyesha mfano mwaka 1994, na kufikia 1995 vijiji vitano vinavyouzunguka msitu wa Mgori vilikuwa vimepewa ulinzi wake. Kila kijiji kilikuwa na sehemu yake, sheria ndogo zake na walinzi wake. Kulikuwa na msaada wa Sweden katika kuwawezesha maofisa wa wilaya, hilo halifichwi. Lakini hapakuwa na mwenye hisa. Uzoefu huo ulichangia Sera ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002. Kama mtu angepima mchango wa Wanyaturu wale katika hewa ya dunia asingeupata katika safu yoyote ya uwekezaji, kwa kuwa mtaji wao ulikuwa miguu ya walinzi na vikao vya mkutano mkuu.

Sasa mtaji umegundua kwamba msitu uliosimama nao una faida. Mwaka 2021 Total ilitangaza kupanda msitu wa hekta 40,000 katika uwanda wa Batéké, Congo-Brazzaville, ambao ungefyonza zaidi ya tani milioni 10 kwa miaka 20. Ukubwa ni kama wa Mgori. Tani milioni 10 ni mafuta ya bomba letu kwa miezi mitatu na nusu. Februari 2023 kampuni ya Blue Carbon ya Dubai ilitia saini na Wakala wa Huduma za Misitu hati ya makubaliano juu ya takriban hekta milioni 8 za misitu yetu ya hifadhi. Hati ya makubaliano si mkataba, na ni haki kulisema hilo. Lakini inaonyesha jicho limeelekea wapi.

Hatubezi fedha hizo. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, jirani zetu wa kaskazini, wamekuwa wakilipwa kwa kuulinda msitu wao, na fedha zimelipia matibabu na shule. Mtu mwenye mtoto mgonjwa hana muda wa kungoja mfumo wa dunia ubadilike. Hata hivyo tuangalie kinachouzwa. Mnunuzi wa tani ya kaboni hanunui mti. Ananunua ruhusa ya kuendelea kutoa tani yake kwingineko. Zaidi ya hayo, chini ya Ibara ya 6 ya Mkataba wa Paris, tani iliyohamishiwa nchi nyingine kwa idhini ya Serikali haiwezi kuhesabiwa tena na nchi iliyoiuza. Tanzania imeahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030, kulinganisha na hali ya kutochukua hatua. Tukiuza tani za bei rahisi, zile za misitu ya vijiji, tutabaki kuitimiza ahadi yetu kwa tani za bei ghali. Mtaji wa kijani utakuwa umeongeza hewa ya ukaa katika vitabu vya nchi mwenyeji bila kuwasha kibiriti.

Makada wa vijijini wanapaswa kuanzia hapo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 isihamishwe bila ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji, na ikizidi hapo uamuzi huwa wa Waziri baada ya kuyapokea mapendekezo ya mkutano. Mkataba wa kaboni hauhamishi ardhi. Unahamisha hewa iliyofungwa ndani ya miti, na unaweza kumfunga mjukuu asifyeke wala asichunge bila hata hekta moja kubadili jina. Kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022 zimeweka taratibu na mgawanyo wa mapato, na kila kada azisome kifungu kwa kifungu, si kwa kusimuliwa. Kisha aulize mbele ya wananchi, na majibu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano kabla ya mihuri: mnunuzi wa mwisho wa tani hizi ni nani, anachoma nini huko aliko, mkataba ni wa miaka mingapi, na moto ukipita msituni mwaka wa kumi nani atamlipa nani.